Usingizi wa pono, saa nne za bamvua na sufuria ya chumvi: maswali ya watu wa Tanga

Jumamosi jioni vijana wa Ngamiani waliniita niongee na watu, wakapanga viti nje, wakafunga spika moja, na wakaweka ndoo tupu mlangoni ili kila anayeingia aandike swali lake kwenye kikaratasi alitumbukize, swali lolote la sayansi au viumbe ambalo amekuwa nalo siku nyingi akakosa wa kumuuliza. Tangu siku hiyo napokea meseji za watu wanaotaka niliyosema yawe kwenye maandishi, wengine walichelewa, wengine walikaa nyuma hawakusikia. Nimeyaandika kama nilivyoongea.

Assalamu alaykum. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie wanangu hamjambo. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmeacha biashara zenu.

Mimi mnanifahamu, nimezaliwa hapa hapa Tanga, baba yangu alikuwa mvuvi wa dema na mshipi, mama alikuwa anakwenda mwambani kuchokoa pweza, mimi nikasoma biolojia nikafundisha sekondari miaka 31. Nasema hivi kwasababu nataka mjue nimejifunza sehemu mbili, darasani na kwenye ngalawa ya baba, na mambo mengi niliyokuja kuyasoma kwenye vitabu baba alikuwa anayajua tayari, alichokosa ni lile neno la kwanini. Anajua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, linaingia lini, anajua samaki gani analala wapi, ila ukimuuliza kwanini anakwambia ndo bahari ilivyo mwanangu. Leo nataka tukae kwenye hiyo kwanini.

Haya, ndoo hii hapa imejaa. Kikaratasi cha juu kabisa, mwandiko wa penseli, naona ni mtoto: "Kwanini bahari ina chumvi na mito haina?" Nani kaandika? Njoo mwanangu, usiogope. Hili sitalijibu sasa hivi, tutalipika. Mnaona hili jiko la gesi na hii sufuria, ndani kuna maji nusu lita niliyoyachota leo asubuhi Raskazone, nimeyachuja kwa kitambaa mchanga usibaki. Nawasha moto. Wewe binti kaa hapa kwenye kiti uangalie, usiguse, maji yakikaribia kukauka niambie.

Sasa, swali lililojirudia kuliko yote, nimehesabu vikaratasi sita, ni maji kujaa na kupwa. Mmoja ameandika hivi: "Mwalimu najua mwezi ndo unavuta maji, sasa mbona yanajaa mara mbili kwa siku wakati mwezi ni mmoja?" Huyu aliyeuliza nampa mkono, manake tunawafundisha watoto kwamba mwezi unavuta maji basi imeisha, hatusemi habari ya mara ya pili.

Sikilizeni. Mwezi unavuta kila kitu cha dunia, maji, mawe, hata wewe uliyekaa hapo. Lakini nguvu yake inapungua kadri unavyokuwa mbali nao. Maji ya upande unaotazamana na mwezi yako karibu, yanavutwa sana. Dunia yenyewe hapa katikati inavutwa kiasi. Maji ya upande wa nyuma, kule mgongoni, yako mbali zaidi, yanavutwa kidogo kuliko vyote. Chukulia watu watatu wameshikana mikono wanakimbia, wa mbele ana mbio, wa kati mbio zake wastani, wa nyuma anajivuta. Watakuwaje? Watatanuka, wa mbele ametangulia na wa nyuma amebaki. Ndo hivyo maji yanavyoumuka pande mbili, upande wa mwezi na upande wa mgongoni, na dunia inavyozunguka Tanga yetu inapita kwenye uvimbe wa kwanza, halafu inapita kwenye wa pili. Njiani kuna mabara na visiwa na vina vya bahari visivyolingana, vinayazuia maji na kuyazungusha, ndo maana kila pwani ina saa zake, lakini chanzo ni hicho.

Na mwezi nao hausimami ukatusubiri, unasogea kwenye njia yake, kwahiyo Tanga ikimaliza mzunguko inabidi iufukuzie kidogo mpaka iukute tena, kama dakika 50 hivi. Ndo maana maji yakijaa leo saa tisa alasiri, kesho yatajaa karibu na saa kumi. Mvuvi hahitaji saa kujua hilo ila sasa mnajua ile dakika 50 inatoka wapi.

Bamvua je? Bamvua ni pale jua linapoingia kumsaidia mwezi. Jua nalo linavuta maji, nguvu yake ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, kwasababu ingawa ni kubwa sana liko mbali sana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi na dunia vinakaa mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa, maji yanapanda sana na kushuka sana, hapa kwetu tofauti inazidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwake na mwezi unavuta kwake, zinakatana, hayo ndo maji mafu. Na bamvua lenyewe halipigi siku ile ile ya mwezi, linachelewa siku moja mpaka mbili, mama zangu mnaokwenda mwambani mnalijua hili vizuri.

Sasa niwaulize mimi. Mama pale mbele, siku za bamvua maji yanapwa kabisa saa ngapi? (Akajibu: saa nne asubuhi, na saa nne usiku.) Mwezi huu? (Miezi yote.) Umewahi kujiuliza kwanini bamvua la Tanga halijawahi kupwa saa moja asubuhi? Mimi nilichukua miaka mingi kabla sijaliona hili, nilikuwa na shahada mkononi na sijaliona, mama yangu ndo alinionyesha bila kujua kwamba amenionyesha. Alikuwa anasema "bamvua langu mimi ni baada ya chai ya asubuhi, sijawahi kuliamkia alfajiri". Nikakaa nikafikiri. Kumbe ni hivi: bamvua linakuja tu mwezi ukiwa sehemu fulani ukilinganisha na jua, ama wako pamoja ama wametazamana, na saa zetu sisi tunazipima kwa jua. Kama mwezi kwenye bamvua siku zote yuko sehemu ile ile mbele ya jua, basi na maji lazima yaje saa ile ile. Dakika 50 za kila siku zinayasogeza maji mzunguko mzima, na kila baada ya wiki mbili hivi yanarudi palepale kwenye saa nne. Hii hesabu iko kwenye mbingu, mama yangu alikuwa nayo kwenye ratiba ya chai.

Kuna kaka hapa ametoka Mwanza anauliza mbona Ziwa Victoria halijai na kupwa. Swali zuri kwasababu linapima kama nilichosema kimeeleweka. Maji yanaumuka kwasababu mwezi unavuta upande mmoja kuliko mwingine, na ili hiyo tofauti iwe ya maana unahitaji maji mengi yaliyotandaa nusu ya dunia yanayoweza kutiririka toka huku kwenda kule. Ziwa Victoria ni kubwa kwetu, kwa mwezi ni dogo, linavutwa karibu sawa pande zote. Kujaa kupo ila ni kwa kiasi ambacho wimbi la kawaida tu linakificha.

Upepo wa asubuhi kutoka bara na wa mchana kutoka baharini, hili kwa haraka: nchi kavu inapata moto upesi na inapoa upesi, bahari inachelewa yote mawili. Mchana ardhi imechemka, hewa yake inapanda juu, ya baharini inakuja kujaza nafasi. Usiku ardhi imepoa, mambo yanageuka, ndo ule umande anaotoka nao mvuvi alfajiri bila kupiga kasia. Kaskazi na kusi ni mambo hayo hayo, ila ya bara zima na ya miezi badala ya masaa.

Kikaratasi kingine: "Samaki wanalala?" Wanalala. Wengi hawana kope ndo maana unamuona macho wazi ukadhani yuko macho. Na nyie Waswahili mnajua jibu hili kuliko watu wengi duniani kwasababu mna msemo, mtu akilala fofofo mnasema amelala usingizi wa pono. Hebu fikirini msemo huo ulitoka kwa nani. Ulitoka kwa mtu aliyekwenda mwambani usiku na mwenge akamkuta pono kwenye tundu lake, akamsogelea, akamgusa, pono hana habari. Tena pono aina nyingi wakitaka kulala wanatoa ute mdomoni unakuwa kama chandarua, unamfunika mwili mzima, asubuhi anautoka. Watafiti waliwahi kuwatoa pono kwenye ule ute wakawaacha usiku na vijidudu vya baharini vinavyonyonya damu ya samaki, wakakuta wasio na ute wanaumwa sana kuliko wenye ute. Yaani ni chandarua kweli, ila cha kuzuia mbu wa baharini. Na huyu pono ndo anayewapa mchanga mweupe, anatafuna mwamba kwa lile domo lake gumu apate vijimea vidogo anavyokula, mawe anayasaga, yanatoka nyuma yakiwa mchanga. Pono wakubwa wanaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka kila mmoja. Ukikaa ufukweni ukashika mchanga mweupe, mwingi umepita tumboni mwa samaki.

Binti, maji yamefika wapi? Nusu? Haya endelea.

Swali hili limeandikwa na mzee, naona ameliandika kwa tahadhari, anasema usiku wa giza akipiga kasia bahari inawaka, kila kasia linatoka na cheche za buluu, wazee wake walimwambia ni majini wasisumbuliwe. Mzee wangu, uliyoyaona ni ya kweli na siyo wewe peke yako uliyeyaona. Ndani ya maji kuna viumbe vya seli moja, vidogo, vingi sana, na vingine vina kemikali mbili ambazo zikikutana na oksijeni zinatoa mwanga bila joto. Vikitulia haviwaki. Vikitikiswa, na kasia, na samaki, na mkono wako, vinawaka kwa sehemu ya sekunde. Kimulimuli naye anawaka kwa mtindo huo, japo kemikali zake ni nyingine. Kwanini viwake? Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayaona yana nguvu ni kwamba ule mwanga ni kama kupiga ukunga. Kamdudu kadogo kanakuja kukala kiumbe hiki, kiumbe kinawaka, samaki aliye karibu anakaona kale kadudu na kukala. Ndo maana wavuvi wazuri wanasoma bahari usiku kwa huo mwanga, ukiona wingu la buluu limejikunja chini unajua kuna kundi la samaki limepita. Mzee unatikisa kichwa, umeshafanya hivyo eh?

Sasa hili lifuatalo linaniuma. "Baruti inauaje samaki ambaye haijamgusa?" Nitajibu sayansi yake halafu nitasema na langu.

Hewa unaweza kuiminya, maji hayaminyiki kirahisi. Baruti ikilipuka hewani, nguvu nyingi inaishia njiani. Ikilipuka majini, ule mshindo unasafiri kama ukuta, na sauti majini inakwenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, mara nne na zaidi ya hewani. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Mwili wote wa samaki ni kama maji, mshindo unapita, lakini ukifika kwenye kile kibofu kuna hewa, na hewa inaminywa ghafla halafu inatanuka ghafla, kibofu kinapasuka, mishipa inakatika, uti wa mgongo unavunjika. Ukimpasua samaki wa baruti unakuta ndani damu imetapakaa na nyama imelegea, mama ntilie wote hapa wanamjua, hata ukimkaanga anameguka. Na kwasababu kibofu kimepasuka wengi hawaelei, wanazama, aliyelipua anaokota sehemu tu ya aliowaua.

Halafu kuna mwamba. Matumbawe ni wanyama, wadogo, wamejengeana nyumba za chokaa juu ya nyumba za waliotangulia, wengi wanakua sentimita chache tu kwa mwaka na wale wa mviringo hata sentimita moja kwa mwaka ni shida. Mlipuko mmoja unawageuza kokoto. Na kokoto zile zinabingirika na mawimbi, kichanga cha tumbawe kikitua juu yake kinabingirishwa kinakufa, kwahiyo pale palipolipuliwa panaweza kukaa miaka mingi ni jangwa. Mimi niliwahi kupiga mbizi mahali ambapo baba alinipeleka nikiwa na miaka 9, nilikuwa nakumbuka matumbawe makubwa kama mbuyu mdogo na changu wamejazana chini yake, nikakuta kifusi. Nilielea juu ya kile kifusi nikalia ndani ya miwani mpaka ikajaa maji. Mkoa wetu umeteswa sana na baruti kwa miaka mingi, na walioumia kwanza ni wavuvi wenyewe, kuna watu tunawafahamu hawana viganja. Naomba anayejua jambo aseme, hata kwa siri.

Tuendelee na pweza manake mmeuliza sana, na harufu ya supu inatufikia hapa.

Pweza ana mioyo mitatu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua na mmoja unasukuma kwenda mwilini. Damu yake ni ya buluu, sisi tunabebea oksijeni kwa chuma, yeye anabebea kwa shaba. Anabadilika rangi kwa vifuko vya rangi kwenye ngozi, vidogo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kina misuli yake, kikivutwa rangi inatanda, kikiachwa inajikunja. Na jambo linalonishangaza mpaka leo, pweza karibu wote hawaoni rangi kabisa. Jicho lake lina aina moja tu ya chembe ya kupokea mwanga. Anajigeuza awe rangi ya mwamba ambao yeye mwenyewe haoni rangi yake! Kuna wanaosema ngozi yake yenyewe inahisi mwanga, wengine wanasema jicho lake lina njia nyingine, ubishi haujaisha.

Kwanini anapigwa kabla ya kupikwa? Nyama yake ina nyuzi za protini zilizosukwa sana, ukimpigiza kwenye jiwe unazifumua. Na supu yake inaongeza nguvu za kiume? Vikaratasi vinne. Ndugu zangu nawaambia ukweli, ina protini nzuri, ina zinki, ina vitamini B12, ni chakula kizuri sana, lakini sijaona utafiti wa kuaminika unaothibitisha hilo mnalolitaka. Mwenye tatizo aende hospitali, mara nyingine ni dalili ya sukari au presha na ukikalia supu unachelewa.

Ila hili lishikeni. Pweza wa mwamba hapa kwetu anaishi mwaka mmoja na kidogo basi. Jike anataga mara moja tu maishani, anakaa kwenye tundu analinda mayai, anayapulizia maji yapate hewa, hali chakula, na yakianguliwa anakufa. Sasa ukimchokoa kabla hajataga umechukua na kizazi chake. Lakini kwasababu anakua haraka mno, mwamba ukifungwa miezi mitatu tu, kitu walichoanza wavuvi wa kusini magharibi mwa Madagaska mwaka 2004, ukifunguliwa wanatoka pweza wakubwa. Mama zangu hii ni ya kwenu kuamua, hakuna profesa wa kuwaamulia.

Hili la mwisho nimelisubiri. "Mwalimu, yule samaki wa Tanga aliyefanya wazungu waje, ana nini?" Silikanti. Haya.

Samaki huyu alikuwa anajulikana kwenye mawe tu, alama za mifupa yake kwenye miamba, aina yake ilianza kama miaka milioni 400 iliyopita na wataalamu waliamini imekwisha kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule wa dainosaria. Tarehe 22 Desemba 1938, dada mmoja wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alikwenda bandarini kuangalia samaki walioletwa na meli ya uvuvi, akaona pezi la rangi ya buluu limechomoza kwenye lundo. Akalipangua. Akakuta samaki wa mita moja na nusu ambaye hajawahi kumuona, akambeba kwa teksi. Alimwandikia barua Profesa J.L.B. Smith na kumchorea mchoro, na Smith akamtambua. Jina lake la kitaalamu, Latimeria, limetokana na huyo dada. Smith akamtafuta wa pili miaka 14, akasambaza karatasi za zawadi pwani yote ya Afrika Mashariki, pauni 100 kwa atakayempata. Alipopatikana, 1952, alipatikana Komoro. Na hapo ndo penyewe: Wakomoro walikuwa wanamjua! Wanamwita gombessa. Walikuwa wanampata mara moja moja usiku kwenye mishipi yao mirefu, nyama yake haifai, ina mafuta ya aina ya nta yanaharisha. Dunia nzima imeandika samaki huyu amekufa, na mtu wa Komoro anamtoa kwenye ndoano usiku anasikitika kwamba siyo samaki wa maana.

Kwetu alianza kuonekana kwa wingi mwaka 2004, wavuvi wa Kigombe na vijiji vya jirani wakawa wanawapata kwenye jarife za papa zilizotegwa chini sana, na inaelekea nyavu zilishushwa chini kwasababu juu samaki walishapungua, kwahiyo hata habari hiyo nzuri ina ubaya ndani yake. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, ndo ile ya kuelekea Pangani.

Ana nini? Mapezi yake yana mfupa na nyama kama miguu mifupi, na akiogelea anayachezesha kwa kupishana, la kushoto mbele na la kulia nyuma, kama anavyotembea mbuzi. Anatokana na ukoo ule ule ambao baadhi yao walitoka majini wakawa vyura, mijusi, ndege, na sisi. Mwaka 2013 vinasaba vyake vilisomwa vyote, ikaonekana kwamba yule kamongo wa ziwani ana undugu wa karibu zaidi na sisi kuliko silikanti, ila wote ni wa boma moja. Anazaa watoto hai. Na utafiti wa 2021, waliohesabu miduara kwenye magamba yake, unasema anaweza kuishi karibu miaka 100 na mimba yake ni miaka 5 hivi. Miaka mitano! Pweza anazaliwa, anakua, anazaa na kufa, na mwanawe na mjukuu na kitukuu, silikanti bado mjamzito. Kwahiyo jarife moja likinasa jike mwenye mimba, hasara yake hairudishwi na kufunga miezi mitatu. Kama umemnasa na bado yuko hai, kata wavu.

(Hapo binti akasema: Mwalimu inaruka!)

Punguza moto, punguza. Hiyo ni chumvi inapasuka kwa mvuke uliobaki ndani ya punje. Haya sogeeni watoto.

Jibu la swali lako mwanangu: mito ina chumvi. Kidogo mno ulimi hauihisi. Mvua inanyesha Usambara, inalamba mawe, inachukua vijichumvi, Mto Zigi unavibeba unavileta hapa, Pangani nao unaleta, na mito yote ya dunia. Vingine vinatoka kwenye volkano na nyufa za chini ya bahari. Sasa maji yakifika baharini yana njia moja tu ya kutoka, kupanda na jua kuwa mawingu, na chumvi haipandi. Kama ulivyoona hapa, mvuke umeondoka, chumvi imebaki. Haba na haba hujaza kibaba, na hii haba imeanza kabla hakujakuwa na mti wala mtu. Angalia maziwa yetu, Tanganyika ina mto unaoitoa maji, Lukuga, maji yake unakunywa. Natron haina pa kutokea, imekuwa magadi. Bahari yenyewe haizidi kuwa kali kila siku kwasababu chumvi nyingine inashuka chini inakuwa mwamba, karibu inalingana na inayoingia.

Leteni ule mzani wa muuza viungo. Kila lita ya bahari ina kama gramu 35, nusu lita tutegemee 17 na nusu. Kwanguo, ikwangue yote… Soma. Gramu 19. Imezidi, siyo? Haijazidi, bado ina maji, ndani mna chumvi za magnesi zinazong'ang'ania maji hazitaki kuyaachia, tena zinayavuta kutoka hewani. Mama anayeuliza kwenye kikaratasi hiki kwanini chumvi ya mawe inatota wakati wa masika, jibu lako ndo hilo.

Onja kidogo, kwa ncha ya kidole. Ikoje?

Akasema: chumvi. Halafu akakunja uso: halafu chungu.

Huo uchungu ndo magnesi yenyewe. Wenye mashamba ya chumvi kule kwenye mikoko wanayamwaga yale maji ya mwisho kabla hayajakauka, wanakusanya fuwele zilizotangulia peke yake, sisi tumekausha yote kwa pamoja. Binti akaomba aende na ile chumvi nyumbani akamuonyeshe bibi yake. Tukaikunja kwenye kile kikaratasi chake cha penseli, na kabla hajafika kwenye kiti chake karatasi ilishaanza kulowa.